Viola na Inanga

Ugumu wa kazi haupimwi kwa jasho peke yake. Kuna kazi ngumu kwa mwili, kama kung'oa visiki. Kuna kazi ngumu kwa akili, kama hesabu ndefu. Na kuna kazi ngumu kwa sikio, ambayo watu wachache huihesabu kuwa ni kazi. Mkono uliochoka hupumzishwa, na akili iliyokwama aghalabu hufunguka baada ya usingizi wa usiku mmoja. Lakini sikio lisilosikia tofauti baina ya sauti mbili halijui hata kwamba limepungukiwa. Kwa hivi mtu anayejifunza muziki mgumu hupigana na adui asiyemwona. Hudhani kuwa vidole vyake ndivyo vizito, kumbe sikio lake ndilo halijafika.

Jambo hili hudhihirika vizuri katika ala moja ambayo haisemwi sana katika Afrika ya Mashariki, nayo ni viola. Viola ni dada mkubwa wa fidla. Mtu aliyewahi kusikiliza taarabu ya Unguja, ya Ikhwani Safaa au ya Culture Musical Club, anaifahamu fidla. Basi na aifikirie ala ya umbo lile lile, iliyoongezwa kimo kidogo, ambayo nyuzi zake nne zimeshuka hatua tano chini ya zile za fidla. Hushikwa begani, hubanwa kwa kidevu, na hupigwa kwa upinde wa singa za farasi zilizopakwa ulimbo.

Mwili wa fidla una urefu wa karibu sentimita 35 na nusu. Kama viola ingalifuata kipimo hicho kwa haki, mwili wake ungalikuwa na urefu wa karibu sentimita 53, na mkono wa mwanadamu usingaliweza kuupiga begani. Mafundi wakafanya suluhu: viola nyingi zina mwili wa baina ya sentimita 38 na 43. Sauti kubwa imetiwa katika nyumba ndogo. Ndiyo sababu viola haing'ari kama fidla. Sauti yake ina ukungu na mkwaruzo, hasa katika uzi wake mnene, na kwa muda mrefu watunzi waliiona kuwa ala ya kujaza nafasi ya katikati, wala si ala ya kusema neno lake yenyewe.

Karne ya 20 iligeuza mambo. Paul Hindemith wa Ujerumani, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji wa viola, alitunga mwaka 1922 sonata ya viola peke yake ambayo katika sehemu moja humwagiza mpigaji aende kasi kwa ukali, na uzuri wa sauti auweke nyuma. Luciano Berio wa Italia alitunga Sequenza VI mwaka 1967, ambamo upinde hutetemeshwa juu ya nyuzi kadha kwa pamoja hata mkono wa kulia ukalia. Dmitri Shostakovich wa Urusi alimaliza sonata ya viola mwaka 1975, nayo ikawa kazi yake ya mwisho kabla ya kufariki. György Ligeti, mtunzi wa Hungaria aliyezaliwa Transylvania, alitunga baina ya mwaka 1991 na 1994 sonata ya sehemu sita kwa viola peke yake, baada ya kumsikia mpigaji Tabea Zimmermann na kuvutwa na nguvu ya uzi wake mnene. Zimmermann ndiye aliyeipiga nzima kwa mara ya kwanza, mwaka 1994. Kazi hizi ndizo zinazohesabiwa leo kuwa mitihani ya viola.

Mtu asidhani kuwa zinawatisha wanafunzi tu. William Walton wa Uingereza alipomaliza konseto yake ya viola mwaka 1929, ilipelekwa kwa Lionel Tertis, mpigaji wa viola aliyekuwa mashuhuri kuliko wote nchini humo. Tertis alikuwa ametumia maisha yake kuipigania viola ipate heshima na ipate nyimbo zake. Alipoletewa kile alichokuwa akikitafuta, alikirudisha, kwa maana kilikuwa kipya mno kwa sikio lake. Hindemith ndiye aliyeipiga konseto hiyo kwa mara ya kwanza, katika London, tarehe 3 Oktoba 1929. Baadaye Tertis alikubali kuwa alikuwa amekosea, naye akaipiga mwenyewe. Vidole vyake havikubadilika baina ya siku ile na hii. Kilichobadilika ni sikio.

Yamkini msomaji atauliza habari hizi zinahusu nini nchi ya Buha, katika miinuko ya mkoa wa Kigoma. Viola si ala ya Kasulu wala ya Kibondo. Huko kuna vilima vya mgongo wa mviringo, migomba mabondeni, maharage na mihogo, na misitu ya miombo ambayo watu hutundika mizinga ya nyuki. Palikuwa na milki za Waha, Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, na mtawala aliitwa mwami. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na huendelea hata mwezi wa nne au wa tano. Kisha hufuata kiangazi ambacho hukausha mbao kiasi cha kupasua ala yoyote iliyoungwa kwa gundi. Kijana wa nchi hiyo akipata viola atakuwa na taabu ya kupata nyuzi mpya, ulimbo, na mwalimu. Mwanafunzi anayetajwa katika insha hii si mtu mmoja mwenye jina. Ni kila kijana wa Kasulu au Kibondo aliyeanzia katika kwaya, akajua kusoma nota, na ambaye tamaa ya elimu yaweza kumfikisha mbele ya karatasi ya Ligeti. Swali ni hili: je, mwanafunzi huyo anaanza mbali kuliko mwenzake wa Berlin au London?

Kwa habari ya vitu, anaanza mbali sana, na si haki kulificha jambo hilo kwa maneno matamu. Kwa habari ya sikio, walakini, jawabu ni jingine, na lafaa kuangaliwa kwa makini.

Sonata ya Ligeti huanza na sehemu iitwayo Hora lungă, yaani wimbo mrefu wa taratibu, kwa namna ya nyimbo za Rumania. Sehemu hii nzima hupigwa juu ya uzi mmoja, ule mnene. Nota zake zikitazamwa kwa macho si nyingi. Ugumu wake umo katika mishale midogo iliyochorwa juu ya baadhi ya nota, yenye maana kuwa sauti ishushwe kidogo. Mtu akigawa nusu ya sauti, yaani nafasi iliyo baina ya kitufe kimoja cha kinanda na kingine kinachofuata, katika sehemu 100, basi mshale mmoja hutaka sauti ishuke kwa sehemu 14, mwingine kwa 31, mwingine kwa 49. Kinanda hakina sauti hizo. Kwaya nyingi za Tanzania zimejifunza kuimba kwa do, re, mi, na mwimbaji aliyelelewa na kinanda cha kanisa amefundishwa kuziita sauti hizo kosa.

Wala hazikubuniwa na Ligeti. Uzi wowote ukipigwa hutetemeka mzima mzima, na papo hapo hutetemeka kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kuendelea. Kila fungu lina sauti yake ndani ya sauti kubwa. Sauti ya fungu la tano iko chini kidogo ya ile ya kinanda, kwa sehemu 14. Ya fungu la saba iko chini kwa sehemu 31. Na ya fungu la kumi na moja iko karibu katikati ya vitufe viwili. Kinanda cha leo kimezipatanisha sauti hizi kwa nguvu ili kiweze kupiga kila wimbo kwa kila ngazi. Ligeti alizirudisha mahali zilipokuwa. Tena alifanya jambo la ajabu zaidi: sauti anazozitaka si za uzi ule unaopigwa. Ni za uzi mwingine ulio chini yake kwa hatua tano, uzi ambao viola haina. Mpigaji hana budi kuusikia moyoni uzi usiokuwapo, kisha atafute kwa kidole, juu ya uzi uliopo, sauti ambazo ule uzi mwingine ungalizitoa.

Sasa na itazamwe Tanzania. Wagogo wa Dodoma wana ngazi ya sauti ambayo watafiti, miongoni mwao Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kuwa imetokana na sauti hizi za asili za uzi. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo na aliyefariki mwaka 2003, aliimba na kupiga zeze katika ngazi hiyo mbele ya watu wa mabara mengi. Sauti ya fungu la saba, ambayo mwanafunzi wa Ulaya huitafuta kwa miezi, kwa mwimbaji wa Kigogo ni sauti ya nyumbani. Ugogo si Buha, na Mha hazaliwi na sikio la Mgogo. Lakini jambo moja limethibitika: sikio linaloijua sauti hiyo kuwa ni sauti halali limo katika nchi hii hii, na mwanafunzi wa Kasulu aweza kulifuata kwa basi, bila ya kuvuka bahari.

Njia ya kujifunza hutokana na habari hizo. Mwanafunzi asianze na kidole. Kwanza na auguse uzi mnene kwa wepesi, bila ya kuukandamiza, katika sehemu ya saba ya urefu wake, apitishe upinde, na sauti ya asili itatoka yenyewe, nyembamba kama filimbi. Na aiimbe. Arudie hata aweze kuiimba asubuhi kabla ya kuishika ala. Hapo ndipo ahamie kwenye nota za Ligeti, akachukue umbali ule ule alioujua kwa koo lake na kuupima kutoka chini ya uzi usiokuwapo. Akifanya kinyume, yaani akisogeza kidole kwa kubahatisha hata mahali paonekane pamefaa, atapata sauti leo na kuipoteza kesho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwa mwanamuziki ni kuimba kabla ya kupiga.

Kuisikia sauti isiyokuwapo ni jambo ambalo nchi ya Buha ina sababu ya kulielewa kuliko nchi nyingi. Katika ukanda unaotoka Rwanda na Burundi hata Bukoba na Ukerewe huonekana ala iitwayo inanga, enanga au nanga kwa kadiri ya lugha ya mahali. Ni ubao mrefu uliochongwa ukawa kama hori, na uzi mmoja mrefu, kwa desturi wa kano au utumbo wa ng'ombe, hupitishwa huku na huku juu yake hata zikapatikana safu sita, nane au zaidi. Buha imepakana na Burundi, na Kiha na Kirundi ni lugha za ndugu wa karibu, hata Mha na Mrundi husikizana bila ya mkalimani. Miaka ya vita na mauaji ya Burundi, tangu 1972 na tena tangu 1993 na 2015, ilileta Warundi kwa maelfu katika wilaya hizi. Kambi za Mtabila na Nyarugusu zilikuwa upande wa Kasulu, na Nduta upande wa Kibondo. Watu walikimbia na walichoweza kukibeba, na kilicho chepesi kuliko vyote ni kile kilichohifadhiwa kichwani.

Burundi ina namna moja ya kupiga inanga ambayo haina mfano wake mwingi duniani. Mpigaji hukaa, huigusa ala kwa vidole vya mikono miwili, na maneno ya wimbo haimbi. Huyanong'ona. Mnong'ono, kwa maumbile yake, hauna sauti ya juu wala ya chini kama ya kuimba, kwa kuwa nyuzi za koo hazitetemeki. Ni pumzi tupu iliyochongwa na ulimi na midomo. Hata hivyo msikilizaji huapa kwamba amemsikia mtu akiimba. Mtafiti wa Marekani, Cornelia Fales, alilichunguza jambo hili na kulieleza: inanga hufuata kupanda na kushuka kwa maneno, mnong'ono huyabeba maneno yenyewe, na sikio huviunganisha viwili hivyo kuwa kimoja. Wimbo haumo katika koo wala haumo wote katika uzi. Umo katika sikio la anayesikiliza. Kirundi na Kiha ni lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, tofauti na Kiswahili, kwa hivi msikilizaji wao amekwisha kuzoea tangu utotoni kupata maana katika kimo cha sauti.

Ulinganifu wa mambo haya mawili hauhitaji kupambwa. Inanga ya kunong'ona humfanya msikilizaji asikie koo lisiloimba. Hora lungă humtaka mpigaji asikie uzi usiotiwa. Katika sehemu ya nne ya sonata hiyo hiyo Ligeti huagiza viola ifungwe kibano cha kufifiza sauti na ipigwe kwa kasi kuu, hata kile kinachosikika ni kama mvumo wa mbali. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa sauti njema ni ile nene na inayojaza ukumbi hapo huona aibu, kana kwamba ala yake imeugua. Aliyekaa karibu na inanga ya kunong'ona ana habari nyingine. Anajua kuwa sauti ndogo humsogeza msikilizaji, na kwamba pumzi na mkwaruzo vyaweza kuwa sehemu ya maneno.

Ugumu wa tatu ni wa mapigo. Sehemu ya pili ya sonata, iitwayo Loop, ina midundo ya sauti mbili mbili ambayo hurudi tena na tena, kila mara kwa hesabu nyingine na kwa haraka zaidi, na katika kila jozi sauti moja ni ya uzi usioguswa na kidole. Mkono wa kushoto huruka kutoka chini hata juu, na Ligeti ametaka yote yapigwe kwa ulegevu na madaha. Mtunzi huyu hakuyapata mapigo yake yote Ulaya. Mwaka 1982 alisikia sahani za muziki wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliorekodiwa na Simha Arom, na tangu hapo akajifunza kwa bidii jinsi wapigaji wengi wanavyoweza kushika kila mmoja hesabu yake juu ya mpigo mmoja wa siri usiopigwa na mtu. Naye Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1951, alichukua njia ya kutoka upande wa pili: mwaka 1988 alitunga Mu Kkubo Ery'Omusaalaba kwa fidla mbili, viola na selo, akatia ndani yake mapigo ya Buganda. Kronos Quartet ya Marekani iliirekodi katika sahani yao Pieces of Africa ya mwaka 1992, na wapigaji wa ng'ambo ikawapasa kujifunza, kwa jasho, jambo ambalo mtoto wa Kampala husikia katika ngoma ya harusi.

Warundi waliokuja Kasulu na Kibondo walikuwa na chuo cha mapigo cha namna hiyo. Ngoma zao kuu, zilizotiwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, hupigwa kwa kazi tatu zilizogawanywa. Amashakwe hushika mpigo mmoja usiokatika. Inkiranya iliyo katikati huamuru na kubadilisha. Ibishikizo huifuata inkiranya. Mwanafunzi wa viola anayepiga Loop yuko peke yake, lakini kazi zote tatu ni zake. Uzi usioguswa ni amashakwe wake, na kidole kinachoruka ni inkiranya. Akilijua hilo hatahesabu moja, mbili, tatu kwa woga. Atausimamisha mpigo wa kudumu kwanza, hata ukae mwilini bila ya kufikiriwa, na juu yake atauweka ule unaozunguka.

Baada ya kusema hayo yapasa kuweka mpaka. Ujamaa wa sikio si ustadi wa mkono. Hakuna kijana aliyepiga sonata ya Ligeti kwa sababu ya kabila lake, na mtu anayesema hivyo huwadharau Waha na kuidharau viola kwa pamoja. Sikio lililotayari hufupisha njia ya kujua kosa liko wapi, haliondoi kosa. Kazi ya kuliondoa ni ile ile Kasulu na Berlin: kipande cha nota nne kipigwe polepole kiasi cha kutoweza kukosea, kirudiwe, kiunganishwe na kipande jirani, kisha mwendo uongezwe kwa kadiri ndogo. Kipande kinachokwama kisiruhusiwe kukimbia ili kifunikwe na vingine. Mkono ukianza kuuma, ala iwekwe chini, maana viola ni nzito kwa bega na maumivu yake hayafundishi lolote. Siku isiyo na ala si siku ya hasara, kwa sababu karatasi yaweza kusomwa na kuimbwa njiani. Mwenda pole hajikwai.

Liko swali jingine ambalo mtu wa Kibondo ana haki ya kuliuliza. Muziki huu wa tabu una faida gani kwa nchi ya wakulima, ambayo haijaomba kuusikia? Jawabu la kuwa ni ustaarabu halifai. Ni jawabu la majivuno. Jawabu lenye haki ni kwamba ugumu wa kweli ni mwalimu wa usikivu, na mtu aliyefundishwa usikivu huyasikia upya hata yaliyokuwa karibu naye. Tertis aliishi na viola maisha yake yote akashindwa kuisikia ilipomletea neno jipya. Vivyo hivyo mtu aweza kuishi karibu na inanga akaiona kuwa ala ya wazee isiyo na la kufundisha. Atakapojitaabisha miezi mingi kuitafuta sauti ya uzi usiokuwapo, atakapoona kuwa wataalamu wa ng'ambo huliita jambo hilo kilele cha sanaa mpya, na hali jirani yake mzee amelifanya kwa mnong'ono tangu ujanani, hapo atakuwa na sababu ya kwenda kumwamkia mzee huyo na kukaa karibu naye.

Na hapo pana hatari iliyo kubwa kuliko kushindwa kupiga nota. Sonata ya Ligeti haitapotea. Imepigwa chapa, imerekodiwa, na kama kila mpigaji wa viola wa leo angaliiacha, mwingine angaliikuta kwenye karatasi baada ya miaka 100. Inanga ya kunong'ona haina karatasi ya namna hiyo. Nota zaweza kuandika sauti za uzi. Haziwezi kuandika kiasi cha pumzi, wala mahali ambapo neno huegemea uzi na uzi huegemea neno. Hujifunzwa goti kwa goti. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Tangu mwaka 2017 wakimbizi wa Burundi walianza tena kurejeshwa kwao kwa makundi, na Mtendeli, upande wa Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Kurudi kwao ni haki ya watu na wengine walikutaka sana. Lakini bwana wa inanga akiondoka, chuo chake huondoka pamoja naye, na kijana aliyekuwa jirani yake kwa miaka bila ya kuuliza swali hubaki na ukimya ambao hana njia ya kuujaza.

Wasomi wa Kiswahili wana mfano wa kufuata. M. M. Mulokozi, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1986 juu ya tenzi za nanga za Wahaya. Hakuziona kuwa mabaki ya zamani. Alizihoji kama fasihi inayostahili mizani kamili ya fasihi. Buha yahitaji watu wa namna hiyo, na yahitaji pia wale ambao elimu yao imo vidoleni: mwanamuziki anayeweza kusoma mishale ya Ligeti ana silaha ya kupima na kueleza sauti za inanga kwa usahihi ambao msomi wa maneno peke yake hana.

Isidhaniwe kuwa kufanya hivyo ni kuchanganya vya jadi na vya kigeni kwa makosa. Endingidi ya Uganda, fidla ya uzi mmoja ambayo leo huitwa ya jadi, ilitokea Buganda mwanzoni mwa karne ya 20 tu, kisha ndugu zake wakaonekana Rwanda na Burundi. Ilikuwa ngeni, ikajifunzwa, ikazoeleka, ikapata wazee wake. Sehemu kubwa ya jadi ni upya uliopata watu wavumilivu. Viola nayo yaweza kupata watu hao Kasulu na Kibondo, au isiwapate. Nchi haitaangamia kwa kuikosa. Lakini kijana atakayeichagua na asiichague ili aikimbie nchi yake. Na aweke viti viwili katika chumba chake cha kujifunzia: kimoja cha kukalia yeye na karatasi yake, na cha pili cha mzee wa inanga. Mambo anayoyatafuta katika kiti cha kwanza yataeleweka upesi zaidi ikiwa kiti cha pili hakikai kitupu, na wakati wa kukikalisha mtu ni sasa, wazee wangali hai.